Flashi ya familia isichomolewe kwa haraka

Hombolo, Dodoma. Katika familia yenye kijana anayesoma Chuo cha Serikali za Mitaa, mara nyingi kila kitu kimo ndani ya flashi moja: ripoti ya mafunzo kwa vitendo, nakala za vyeti, picha za harusi ya dada, pengine na sauti ya marehemu babu. Siku moja inachomekwa steshenari, na kompyuta inadai flashi ifomatiwe kwanza. Ripoti inaweza kuandikwa upya. Sauti ya babu hairudi.

Chanzo huwa ni haraka. Kompyuta inaweza kuonyesha kuwa imemaliza kunakili, kumbe sehemu ya faili bado haijaandikwa kwenye flashi. Ikichomolewa wakati huo, au umeme ukikatika, faili hubaki nusu. Orodha inayoonyesha kila faili liko wapi nayo inaweza kuvurugika, na vyote vilivyomo vikaonekana vimepotea. Hadi diski za nje nazo hupatwa na hayo hayo.

Mzazi amfundishe mwanawe kufunga mafaili, kubofya alama ya kutoa flashi kwa usalama, kisha kusubiri ujumbe wa ruhusa. Alama isipoonekana, azime kompyuta kabisa ndipo achomoe. Kazi ifanyiwe kwenye kompyuta, si moja kwa moja kwenye flashi, na ikiisha inakiliwe.

Steshenari nako kuna virusi vinavyoficha mafaili. Ni vyema kwenda na flashi yenye waraka wa kuchapisha tu, au kuutuma kwa baruapepe. Na wakati wa kiangazi, vumbi likiwa jingi, flashi ifunikwe kifuniko chake.

Kompyuta ikidai kufomati, jibu ni hapana. Kisiandikwe chochote kipya. Ipelekwe kwa fundi, kwani mara nyingi vilivyomo bado vinaweza kuokolewa.

Hata hivyo, flashi ni ya kubebea, si ya kuhifadhia. Hutunza kumbukumbu kwa chaji ndogo za umeme, na chaji hizo hupungua ikikaa kabatini miaka mingi. Picha na sauti za familia ziwe na nakala mbili au tatu: moja kwenye kompyuta, nyingine kwenye intaneti, nyingine kwa shangazi mjini Dodoma. Kazi hiyo ni ya jioni moja, na ifanyike flashi ikiwa bado inafunguka.