Mzinga Mdogo na Gari Lake la Mti

Leo twapenda kuzungumza habari za kazi moja ya mikono iwafaayo vijana wakati wa mapumziko, nayo ni kuunda mfano mdogo wa mzinga pamoja na gari lake. Katika nchi ya Ugogo neno mzinga huwakumbusha watu nyuki kwanza. Kwani gogo lililochimbwa ndani na kutundikwa mtini ni mzinga, na bomba la chuma lirushalo makombora ni mzinga vilevile. Mmoja hutoa asali. Wa pili hutoa mambo mengine.

Barabara itokayo Dodoma na kupita Msalato ndiyo iendayo Kondoa Irangi. Huko, mwezi wa Mei 1916, ulinguruma mzinga uliotoka baharini. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus huko Unguja tarehe 20 Septemba 1914, iliangamia katika mto Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 ilitolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, na mafundi wakaiundia magari ya nchi kavu. Maana mzinga usio na gari ni mzigo tu. Mmoja wao umewekwa Fort Jesus, Mombasa.

Tundu la mzinga huo lilikuwa na upana wa sentimeta 10.5, na urefu wake ulikuwa karibu mita 4.2. Tukigawanya kwa 20, mfano wetu utakuwa na urefu wa sentimeta 21 na tundu la milimita 5. Gari lake tutalirahisisha.

Kwanza, chagueni mti mkavu. Mpingo wafaa kwa mzinga, kwa kuwa ni mweusi kama chuma. Mninga wafaa kwa gari. Mbuyu haufai, kwani ni laini mno wala haushiki msumari.

Pili, magurudumu mawili. Msiyakate kwa kukereza gogo vipande vya mviringo, kwani yakikauka hupasuka toka ukingoni hata kitovuni. Kateni katika ubao duara mbili nyembamba kwa kila gurudumu, mkazigandishe kwa gundi, nyuzi za moja zikikingamana na za nyingine.

Tatu, gari. Mbao mbili za ubavuni zikutane nyuma, ziwe mkia ulalao chini. Kisha ning'inizeni mzinga kwa uzi mpate mahali ulipo mizani, na mbele kidogo ya hapo tieni vijiti viwili, kimoja kila ubavu, vikae juu ya mbao. Hivyo tako litakuwa zito, nalo litalalia kabari. Kabari ikisukumwa ndani, mdomo hushuka. Ikivutwa nje, mdomo hupanda.

Twawaonya: msitie baruti wala vichwa vya viberiti. Mti hupasuka, na jicho likipotea halirudi.

Mwisho, fungeni kamba mkiburure kigari mchangani, mwone kilivyo kizito. Magari yale yalikokotwa na watu. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa Ugogo, ikafuata njaa ya mwaka 1917 hata 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Basi mtoto akiuliza mzinga huu ulivutwa na nani, msimwambie habari za mafundi tu. Mwambieni na habari za babu zake.