JIRANI WA MCHANA

Dominika ya 15 ya Mwaka C
Injili: Lk 10:25-37



Kila siku ya kazi, kabla jua halijapanda, maelfu ya watu hushuka katika mabasi pale Posta na pale Kariakoo, na wengine huvuka kwa kivuko kutoka Kigamboni. Hutoka Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara na Tegeta. Mchana kutwa hukaa bega kwa bega, hupatana bei, hugongana mabega, hugawana kivuli cha mti mmoja. Jioni hutawanyika. Usiku mitaa ile ya maofisi hubaki na walinzi na paka. Ndio mji wa ajabu: mchana una watu wasiohesabika, lakini wakazi wake ni wachache.

Tumeanza na jambo hili kwa sababu Injili ya leo yahusu ujirani, nasi tumezoea kuuweka ujirani mahali tunapolala. Jirani kwetu ni yule tunayepakana naye ukuta, anayepiga hodi kuomba chumvi, ambaye akifiwa twakaa naye matanga. Kanisa nalo limejenga juu ya desturi hiyo njema. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walio katika shirikisho la AMECEA, walipokutana Nairobi mwaka 1976, waliamua kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe nguzo ya uchungaji katika nchi zetu. Kwa jumuiya hizo wagonjwa wametembelewa, yatima wamesomeshwa, ndoa zilizotetereka zimesimama tena. Hatuna neno baya juu yake. Hata hivyo jumuiya hufuata nyumba. Mwamini anayeondoka Mbagala alfajiri na kurudi usiku ana jumuiya yake Mbagala, lakini sehemu kubwa ya maisha yake hupita kati ya watu ambao hana jumuiya nao. Je, hao ni nani kwake?

Tuitazame Injili yenyewe. Mwalimu wa Sheria alimwuliza Bwana Yesu jirani yake ni nani. Swali lile lilikuwa la kutafuta mpaka: nimpende nani, na nikifika kwa nani niruhusiwe kuacha? Bwana hakumchorea mpaka. Akamsimulia habari iliyotokea mahali pasipokuwa na mtaa wala nyumba, katika njia ya kushuka kutoka Yerusalemu hadi Yeriko. Njia hiyo ina urefu wa kilometa 27 hivi, nayo huporomoka zaidi ya meta 1000 kati ya mawe na makorongo. Wote tunaowaona pale, aliyepigwa, kuhani, Mlawi na Msamaria, ni wapita njia. Hakuna aliyepakana ukuta na mwenzake. Hivyo Bwana aliuweka ujirani mahali ambapo kwa desturi hakuna jirani hata mmoja.

Na mwishoni akaligeuza swali. Hakuuliza yule majeruhi alikuwa jirani wa nani. Aliuliza ni nani kati ya wale watatu aliyejifanya jirani yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilichukua fundisho hilo katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 27, ukatufundisha kuwa kila mmoja wetu ana wajibu wa kujifanya jirani wa mtu yeyote anayekutana naye, awe mzee aliyeachwa na wote, awe mgeni mfanyakazi anayedharauliwa. Basi ujirani hatuukuti umewekwa tayari, twaufanya.

Hapa tungependa kumtetea kidogo yule kuhani, maana ni mwenzetu. Wengi husema aliogopa kutiwa unajisi na maiti, akashindwa kutumikia hekaluni. Lakini Mwinjili Luka asema kuhani huyo alikuwa akishuka njia ile. Alikuwa ameipa Yerusalemu kisogo. Ibada, kama alikuwa nayo, ilikwisha. Utetezi wetu basi waanguka. Kwa lugha ya kwetu, alikuwa ametoka Misa. Sisi tunaotoka katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902 pale ukingoni mwa bandari, tukiteremka ngazi na kukuta watu wameketi kando ya njia, tumo katika hali ileile ya kuhani yule, na sala zetu bado zi moto midomoni.

Yuko mtu mwingine katika habari hii ambaye wahubiri humpita upesi. Seminarini tulifundishwa mengi juu ya kuhani na Mlawi, lakini hatukumbuki kusikia neno juu ya mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alimpa denari mbili, yaani ujira wa kibarua kwa siku mbili, akamwambia amwuguze mgonjwa, na kama atagharimu zaidi atalipwa yeye atakaporudi. Wafanyabiashara wa Kariakoo walijua jambo hili kuliko wanateolojia: hiyo ni mali kauli. Mtu hupokea mzigo dukani leo bila kutoa fedha yote, huenda kuuza, kisha hurudi kulipa. Dhamana yake ni neno lake. Yule mwenye nyumba alikubali kauli ya Msamaria, mtu wa kabila lililodharauliwa na mwenye ibada tofauti. Huruma ya Msamaria ingeishia mlangoni kama ndani asingekuwamo mtu wa kumwamini. Ndugu wafanyabiashara mnaotusikiliza, imani yenu huonekana pia pale mnapompa kijana asiye na mtaji mzigo wake wa kwanza, na pale mnapomtajia mama aliyetoka mkoani leo bei ileile mnayomtajia mwenyeji.

Tuseme sasa juu ya jina la Kariakoo. Wengi wanajua kwamba jina hilo limetokana na maneno ya Kiingereza yaliyotamkwa kwa ulimi wetu, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliowekwa kambi katika eneo lile baada ya mji kutwaliwa mwaka 1916. Wapagazi hao walibeba vyakula na risasi vichwani, wakafa kwa njaa, malaria na kuhara damu, makumi ya maelfu yao. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927, inawataja pamoja na askari kwa Kiswahili na Kiingereza. Lakini yawataja kwa ujumla. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri hadharani kwamba wapagazi wengi wa Afrika hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa wanajeshi wa Ulaya, ikaomba radhi. Zaidi ya miaka mia moja ilikuwa imepita.

Na leo hii, katika mtaa uliobeba jina la wapagazi, wapo wabeba mizigo na wasukuma mikokoteni. Twawaita kwa mluzi. Twawaita "wewe". Mtu aweza kubebewa mizigo na kijana mmoja kwa miaka mitano asijue anaitwaje wala analala wapi. Tunaisikitikia serikali ya kikoloni kwa kutokuandika majina, huku nasi hatujauliza hata moja.

Si kwamba huruma haimo ndani yetu. Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, tarehe 29 Machi, asubuhi, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, na watu 36 wakafariki. Siku ambayo Wakristo walikuwa wakijiandaa kwa Njia ya Msalaba, watu wa dini zote walionekana pale wakichakura kifusi. Tena tarehe 16 Novemba 2024, siku ya Jumamosi, jengo la ghorofa nne lilianguka Kariakoo kwenye Mtaa wa Mchikichi na Kongo. Walipoteza maisha watu zaidi ya 20, na zaidi ya 80 wakaokolewa. Kabla mitambo mikubwa haijafika, wachuuzi na wapita njia walikuwa tayari wamekwisha kuanza kuondoa matofali kwa mikono na nyundo. Baadhi ya waliofukiwa waliweza kupiga simu kutoka chini. Kesho yake, Jumapili ya tarehe 17, Kanisa zima liliadhimisha Siku ya Maskini Duniani aliyoianzisha Baba Mtakatifu Fransisko. Makanisani tulikuwa tukihubiri juu ya maskini, na Kariakoo watu hawakuwa wamelala.

Hakuna aliyeuliza siku ile kama aliye chini ya tofali ni Mwislamu au Mkristo, ni mwenye duka au kibarua. Hilo latupa faraja, lakini pia latutia aibu. Maana pengine mkono uliokuwa ukichimbua ulikuwa ukimchimbua mtu ambaye wiki nzima ulikuwa umempungia aondoke. Maafa hutufanya tuwe majirani kwa siku nne. Baada ya hapo barabara hufagiliwa, nasi twarudia haraka zetu.

Twajua wako wasikilizaji wanaosema: Padri, mji umejaa matapeli. Ni kweli. Mtu husimama Mnazi Mmoja akiwa na mkoba, asema ameibiwa, aomba nauli ya kurudi kwao. Wiki ijayo utamkuta palepale na mkoba uleule. Hatuwafundishi kuwa wajinga. Lakini tutazame Msamaria alivyotenda. Hakumrushia mtu sarafu akaendelea na safari. Alimkaribia, akamwona jeraha, akamfunga, akampeleka mahali penye watu. Anayetoa shilingi mia tano bila kusimama amenunua haki ya kutosikiliza. Anayesimama na kuuliza, "Unatoka wapi? Unamfahamu nani hapa?" mara nyingi atatambua upesi nani mwongo na nani amepotea kweli. Mgeni aliyepotea, tangu mabasi ya mikoani yalipohamia kituo cha Magufuli kule Mbezi mwaka 2021, huhitaji zaidi mtu wa kumpandisha basi sahihi kuliko noti. Kazi hiyo yataka dakika kumi. Na dakika kumi, kwa watu wa Posta, ni ghali kuliko fedha. Ndiyo sababu twapendelea kutoa fedha.

Nasi tunaowasemesha tuna deni letu. Kwa muda mrefu tulipita kila asubuhi karibu na Posta ya Zamani, mahali alipoketi fundi viatu mmoja mzee. Alitushonea viatu mara nyingi. Alitusalimu "Shikamoo Padri" ingawa kwa umri sisi ndio tuliopaswa kumwamkia, nasi tukaitikia "Marahaba" tukiwa tumekwisha pita. Siku moja hakuwapo. Wiki ikapita, kisha mwezi. Tulipotaka kumwulizia tuligundua kwamba hatuna cha kuuliza. Tulimwendea mama anayeuza vitumbua karibu na pale, tukasema, "Yule fundi, yule mzee." Akatuuliza, "Yupi, Baba? Anaitwa nani?" Tukabaki kimya. Tulitaka kumkumbuka katika Misa, na kwenye karatasi ya nia za Misa tukaandika: fundi viatu. Hata leo hatujui kama tulimwombea mgonjwa, marehemu, au mtu aliyerudi tu kwao kulima.

Sasa mahali pale ameketi kijana. Tulipompelekea viatu mara ya kwanza tulimwuliza jina kabla ya kumwuliza bei. Alitutajia, kisha akainua uso, akashika sindano hewani, akasema, "Na wewe Baba, unaitwa nani?"