Trekta Lisipowaka: Ukaguzi wa Umeme Uanzie Kwenye Betri

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hewa inayoshindiliwa ndani ya silinda hupata joto kali, na dizeli ikinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Kwa hiyo kwenye matrekta mengi ya zamani, kama Massey Ferguson 240, kazi kubwa ya umeme wakati wa kuwasha ni kuzungusha stata. Stata ikizungusha injini kwa kasi yake ya kawaida na bado injini haiwaki, mara nyingi ubovu uko kwenye njia ya dizeli.

Sauti inayosikika ufunguo unapozungushwa husaidia sana. Mlio wa ta-ta-ta wa haraka huku taa zikififia ni dalili ya betri dhaifu au viungo vibovu. Mlio mmoja mzito, kisha kimya, huelekeza kwenye solenoidi, stata au waya mnene. Kukiwa kimya kabisa, ziangaliwe fyuzi, swichi ya ufunguo na gia, kwani matrekta mengi hayapigi stata mpaka gia iwe fri.

Mafundi wengi hukimbilia kufungua stata, na mkulima huingia gharama bure. Betri ndiyo ya kwanza kupimwa. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma takriban 12.6. Kipimo hicho peke yake hakitoshi, maana betri iliyochoka yaweza kusoma vizuri ikiwa haina mzigo. Ipimwe pia stata inapozunguka: ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, ichajiwe na kupimwa upya.

Baada ya betri ni viungo, na hapa ndipo matatizo mengi hujificha. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huzuia umeme. Waya wa hasi hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho. Vichwa huoshwa kwa maji ya vuguvugu yenye baking soda, husuguliwa kwa msasa, kisha hukazwa. Waya wa athi nao ushike chuma kitupu, usikae juu ya rangi au kutu. Kiungo kinachochoma vidole baada ya kupiga stata kimelegea au kimeoza. Kwa mita, ncha moja huwekwa kwenye kichwa cha chanya na nyingine kwenye bolti ya stata: ikisoma zaidi ya volti 0.5 stata ikizunguka, umeme unapotelea njiani.

Hayo yote yakiwa sawa, ndipo stata ifunguliwe na kukaguliwa kaboni na bushi zake.

Ipo tabia ya kugonganisha nati za stata kwa bisibisi mtu akiwa amesimama kando ya tairi. Njia hiyo hukwepa swichi ya usalama. Trekta likiwa kwenye gia huondoka papo hapo na kumkanyaga aliyesimama hapo. Trekta liwashwe na mtu aliyeketi kwenye kiti, gia ikiwa fri na breki imefungwa.