Adabu ya Barua za Kiingereza

Hapa Mwamanyili mtu ajapo asubuhi na haja yake, kwanza huamkia "Mwangaluka", ndipo aseme. Lakini vijana wetu waandikapo Kiingereza hudhani adabu ni wingi wa maneno. Tumesoma barua ya mmoja aliyeomba kazi: mistari sita ya heshima, na kazi yenyewe hakuitaja.

Zamani za utawala wa Waingereza, barua nyingi za serikali zilimalizika kwa "your obedient servant", yaani mtumishi wako mtiifu. Hata mkubwa alimwandikia mdogo hivyo. Ilikuwa desturi tu, wala si unyenyekevu. Siku hizi barua iliyoanza pasipo jina humalizika kwa "Yours faithfully", na iliyotaja jina kwa "Yours sincerely". Yatosha.

Katika kuomba, Mwingereza hulainisha neno kwa kuuliza, "Could you", kama sisi tusemavyo "naomba unisaidie" badala ya "nisaidie". Adabu imo katika umbo la tendo, na mara moja yatosha. Basi, baada ya salamu haja na itajwe waziwazi. Maana kumtafutisha msomaji haja yako si kumheshimu, bali kumtaabisha.