Bustani Manyatta: Pima kazi kwanza, bei ifuate

KILA mvua zinapokaribia, wakazi wa eneobunge la Manyatta, Kaunti ya Embu, ambao wamekamilisha ujenzi wa nyumba hukabiliwa na swali moja: ni nani atakayeigeuza ardhi nyekundu iliyokanyagwa na wajenzi kuwa bustani, na kwa pesa ngapi?

Swali hilo huonekana dogo likilinganishwa na gharama ya saruji, mawe na mabati. Hata hivyo, ni katika hatua hii ambapo wengi hupoteza fedha. Fundi wa bustani hutazama kiwanja kwa macho na kutaja bei ya jumla. Mwenye nyumba huipunguza, wakaafikiana, na kazi ikaanza siku iyo hiyo. Ifikapo Februari nyasi zimenyauka, ua una mapengo, na kila mmoja anamlaumu mwenzake.

Chanzo cha mzozo huo kwa kawaida si wizi wala uvivu. Ni kwamba bei ilitajwa kabla ya kazi yenyewe kuelezwa. Bustani ina vipimo vyake kama ilivyo nyumba, na mwenye kuvijua hawezi kupunjwa kwa urahisi, wala yeye hatampunja kibarua bila kujua.

Msimu huamua gharama

Jambo la kwanza la kuzingatia ni mahali nyumba ilipo. Eneobunge la Manyatta limelala kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Sehemu za juu, kama Kianjokoma na vijiji vinavyopakana na msitu, zina baridi na mvua nyingi, na ndizo zenye majani chai. Kadiri mtu anavyoteremka kuelekea mji wa Embu, Kithimu na Mbeti Kaskazini, ndivyo joto linavyoongezeka na mvua kupungua. Kinachostawi juu bila kumwagiliwa maji huenda kikahitaji mpira wa maji kila jioni huku chini.

Nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na ambazo leo hupandwa hadi Australia na Afrika Kusini, hushika haraka katika sehemu za juu. Kasoro yake ni kwamba hutambaa na kuvamia maua na mboga zisipodhibitiwa, hivyo anayezipanda ajue amejiwekea kazi ya kukata kingo mara kwa mara. Nyasi za pemba, zenye majani mapana, huvumilia kivuli cha miti, lakini zinahitaji maji wakati wa kiangazi.

Jambo la pili ni wakati. Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Bustani inayopandwa mwanzoni mwa mvua hunyweshwa na mawingu bila malipo. Inayopandwa mvua zikiisha hunyweshwa na mfuko wa mwenye nyumba.

Hesabu yake ni nyepesi. Maji ya kina cha milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyasi changa zilizotandazwa kwenye mita 200 za mraba, zikihitaji milimita tano kwa siku ya jua kali, zitakunywa lita 1,000. Hiyo ni mitungi 50 ya lita 20, kila siku, hadi mizizi izame. Mwenye kununua maji kwa mtungi, au mwenye mita inayosomwa kila mwezi, ataona mara moja kwamba kupanda Januari kunaweza kugharimu zaidi ya fundi mwenyewe.

Hata hivyo, msimu wa mvua una ushindani wake. Mavuno makuu ya kahawa huangukia miezi ile ile ya vuli, na majani chai huchipuka kwa wingi baada ya mvua. Vibarua wenye nguvu huenda mashambani, na waliosalia hupandisha bei. Anayetaka kupanda Oktoba hana budi kuzungumza na fundi wake Agosti au Septemba, na kuhakikisha kuwa ardhi imelimwa na samadi imeletwa kabla tone la kwanza halijaanguka.

Vipimo ambavyo fundi hupaswa kutaja

Mathalan, chukua kiwanja cha futi 50 kwa 100, ambacho wengi hukiita robo ya nusu ekari. Ukubwa wake ni takribani mita 465 za mraba. Tuseme nyumba, njia na mahali pa kuegesha gari vimechukua mita 180, mboga na maua mita 85, na mita 200 zimebaki za nyasi.

Nyasi hupandwa kwa vipandikizi. Vikipandwa kwa nafasi ya sentimita 15 kila upande, mita 200 zitahitaji vipandikizi 8,900 hivi. Kwa nafasi ya sentimita 20, vitatosha 5,000. Kwa nafasi ya sentimita 30, vitahitajika 2,200 tu.

Hapa ndipo siri ya bei nafuu ilipo. Mafundi wawili wanaweza kuahidi kupanda nyasi kwenye uwanja uo huo, mmoja akataja nusu ya bei ya mwenzake, na wote wawili wasiwe wamesema uongo. Mmoja amepanga kutumia robo ya vipandikizi vya mwenzake. Tofauti haitaonekana siku ya kukabidhiwa kazi. Itaonekana baadaye, magugu yatakapokuwa yamejaza mapengo kabla ya nyasi kukutana, na mwenye nyumba atakapokuwa akilipa palizi ya kila wiki.

Ndivyo ilivyo kwa ua. Mzingo wa kiwanja hicho ni futi 300, yaani mita 91. Ukiondoa lango la mita nne, zimebaki mita 87. Miche ya kayaba, mmea wa miiba ulioletwa kutoka kusini mwa Afrika na ambao umekuwa ukuta wa wengi Mlima Kenya, ikipandwa kila sentimita 30 itakuwa 290. Ikipandwa kila sentimita 60 itakuwa 145, na mbuzi wa jirani watakuwa wageni wa kila siku.

Samadi nayo hununuliwa kwa pikapu au lori, na pikapu hazilingani. Tabaka la sentimita mbili juu ya mita 200 ni mita nne za ujazo. Badala ya kuafikiana juu ya "gari moja", ni heri kuafikiana juu ya unene wa tabaka, kisha likapimwa kwa rula likishatandazwa.

Aidha, kuna kazi ambayo haionekani ikishafunikwa, nayo ni kuchimbua. Baada ya ujenzi, udongo huwa umeshindiliwa na magari na kuchanganyika na kokoto na mabaki ya saruji. Fundi anayekwangua juu kwa jembe akapanda atamaliza upesi. Anayechimbua kwa jembe uma hadi sentimita 20 na kuondoa takataka atachukua siku zaidi, na atadai zaidi. Mwenye nyumba aingize fimbo ardhini kabla ya vipandikizi kuwekwa, fimbo haidanganyi.

Sheria inamtaja mtunza bustani kwa jina

Sehemu kubwa ya gharama ya bustani ni jasho la watu, na hapa bei haikuachiwa maelewano peke yake. Agizo la serikali kuhusu mishahara ya kima cha chini linamtaja mtunza bustani waziwazi, katika kundi moja na mfagiaji, mtumishi wa nyumbani, yaya na mlinzi wa mchana.

Kwa mujibu wa agizo lililoanza kutekelezwa Novemba 1, 2024, ambalo liliongeza mishahara hiyo kwa asilimia sita, kiwango cha mwezi kwa kundi hilo kilikuwa takribani Sh16,100 katika miji mikuu kama Nairobi na Mombasa, Sh14,900 katika zilizokuwa manispaa, na Sh8,600 katika maeneo mengine. Posho ya nyumba huhesabiwa kando.

Embu ilikuwa manispaa. Kwa hivyo, ndani ya eneobunge moja la Manyatta kuna viwango viwili: mtunza bustani aliyeajiriwa mjini anastahili kiwango cha manispaa, ilhali mwenzake wa kijijini yuko katika kiwango cha chini zaidi. Wachumaji chai na wafanyakazi wa mashambani wana agizo lao tofauti, hivyo si sahihi kulinganisha malipo ya bustani na ya shamba.

Agizo hilo pia huweka kiwango cha siku, ambacho ni kikubwa kuliko mtu akigawanya mshahara wa mwezi kwa siku 26. Sababu ni kwamba kibarua wa siku moja hana hakika ya kesho.

Tuseme kazi ya kiwanja kilichotajwa inahitaji vibarua watatu kwa siku nne. Hizo ni siku 12 za kazi. Wakiafikiana Sh700 kwa siku, vibarua pekee watalipwa Sh8,400, kabla ya samadi, miche, usafiri na faida ya fundi. Fundi anayesema atafanya yote kwa Sh9,000 hajafanya muujiza. Ama vibarua watalipwa kiasi kidogo, ama siku zitapunguzwa, ama samadi haitafika.

Ni muhimu pia kufafanua maana ya "siku". Mara nyingi kibarua wa mashambani huanza kazi asubuhi na kuondoka saa saba mchana. Mwenye nyumba anayetarajia jioni, na kibarua anayetarajia mchana, wamekwisha kukosana kabla ya jembe kuinuliwa.

Kibarua au mwajiriwa?

Nyasi zikishashika, wengi humwomba mmoja wa vibarua aendelee kuja. Hapo hali ya kisheria hubadilika. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtambua kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, hahesabiwi tena kuwa kibarua, bali mwajiriwa wa mkataba.

Mwajiriwa ana haki ya siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka yenye malipo. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi sharti uandikwe. Kuna pia michango: asilimia 2.75 ya Bima ya Afya ya Jamii ambayo hukatwa kwenye mshahara tangu Oktoba 2024, asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu kutoka kwa kila upande, na hazina ya NSSF.

Sheria ya fidia kwa majeraha kazini, pia ya 2007, humwekea mwajiri jukumu la mfanyakazi anayeumia. Anayekatwa na mashine ya kukata nyasi au kuanguka kutoka kwenye mti atauliza mwajiri wake ni nani. Ni vyema jibu lipatikane mapema: je, vibarua ni wa fundi, au ni wa mwenye nyumba?

Mteremko na mto

Viwanja vingi vya Manyatta viko kwenye mteremko, na bustani iliyolimwa upya kwenye mteremko ni udongo unaosubiri mvua. Udongo huo huishia Rupingazi, kisha Thiba, na mwishowe bwawa la Kamburu. Kwa hivyo, kabla ya maua, fundi aulizwe kuhusu matuta. Njia ya "fanya juu", ambapo udongo wa mtaro hurushwa upande wa juu, ni kongwe nchini na haihitaji kifaa zaidi ya jembe na sepetu. Ukingo wake ukipandwa nyasi za ng'ombe, gharama hurudi kwa njia ya lishe.

Walio karibu na mto wana mipaka zaidi. Kanuni za maji za 2007 ziliweka ukanda wa hifadhi wa kati ya mita 6 na 30 kutoka ukingoni, kulingana na upana wa mto. Mikaratusi nayo haifai hapo: mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza ing'olewe kandokando ya mito kwa sababu ya kunywa maji mengi. Fundi anayependekeza kuipanda karibu na kijito anamtafutia mteja wake matatizo.

Kulipa kwa awamu

Kuuliza si ujinga. Kabla ya kutoa pesa, mwenye nyumba atembelee bustani ambayo fundi aliipanda mwaka uliotangulia, wala si ya mwezi uliopita. Bustani iliyopita kiangazi kimoja ni ushahidi tosha.

Kisha makubaliano yaandikwe, hata kama ni kwenye ukurasa mmoja wa daftari: eneo kwa mita, kina cha kuchimbua, unene wa samadi, nafasi kati ya vipandikizi, idadi ya miche, idadi ya vibarua na malipo yao, na nani atakayemwagilia maji. Malipo yagawanywe mara tatu: ya vifaa kwanza, ya pili ardhi ikishakaguliwa na kupandwa, na ya mwisho nyasi zikishashika. Malipo ya vibarua yasisubiri awamu hizo. Wao walipwe kila jioni.

Mpango huo humkinga fundi pia. Nyasi zikikauka kwa sababu mwenye nyumba hakumwagilia alivyoahidi, karatasi itasema hivyo, na fundi mwaminifu hatanyimwa haki yake. Huyo ndiye atakayeitwa tena mvua zijazo, na jirani ataiomba namba yake.