Mtoto Anayechechemea Asubuhi Si Mvivu

Wakulima wa Lambwe, ng'ombe akichechemea siku mbili tu mnafika ofisini kwetu mapema kumwulizia Bwana Mifugo. Vizuri sana. Lakini mtoto akichechemea mwezi mzima twasema, "Ameanguka akicheza." Mimi ni karani wa kilimo, si daktari, ila nilisomea ualimu, na namkumbuka mtoto mmoja tuliyemwita mvivu kwa kuchelewa shule, kumbe asubuhi magoti yake hayakunjuki.

Baridi yabisi si ya wazee peke yao. Iko ya watoto, huanza kabla ya kutimiza miaka 16. Haiambukizi, wala haitokani na umande au uchawi. Kinga ya mwili wenyewe hugeuka ikashambulia viungo.

Mtazameni mtoto anapoamka. Goti, kifundo cha mguu au kiwiko kimevimba; mwendo wake mzito kama wa mzee, lakini jua likipanda viungo hulegea akacheza na wenzake. Hapo ndipo wazazi hudanganyika. Mtoto mdogo huenda asilalamike hata kidogo. Ataomba kubebwa tu, au ataacha kuchuchumaa. Uvimbe ukidumu majuma 6 na sababu nyingine isionekane, daktari hushuku ugonjwa huu. Wengine hupata homa kali ipandayo kila siku, mara nyingi jioni, pamoja na vipele vinavyokuja na kutoweka. Kwetu kila homa huitwa malaria. Dawa ikimezwa na homa isiishe, rudini mkapimwe tena.

Lakini msingoje majuma 6 nyumbani. Kiungo kikivimba ghafula, kikawa cha moto, na mtoto ana homa na hataki kiguswe, huenda kuna usaha ndani: mpelekeni hospitali siku ile ile. Selimundu pia, iliyo nyingi kandokando ya Ziwa Victoria, huumiza viungo. Hupimwa kwa damu.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni macho. Ugonjwa huu waweza kuharibu jicho kwa ndani bila wekundu wala maumivu, hata mtoto apofuke. Mkifika hospitali ya Homa Bay ombeni apimwe macho, hata akisema anaona vyema.

Dawa zipo, za kutuliza uvimbe na nyingine iitwayo methotreksati, ambayo kwa ugonjwa huu hutolewa mara moja kwa juma, si kila siku. Msimchanje palipovimba, wala msimlaze kitandani mchana kutwa, maana viungo visipotumiwa hukakamaa. Na mwalimu wake aambiwe, amruhusu kusimama na kunyoosha miguu darasani.