Je, Wajua? Haki ya Aliyeumia Akiwa kwenye Pikipiki

Je, wajua kwamba nchini Kenya aliyegongwa akiwa kwenye pikipiki ana miaka 3 tu ya kufungua kesi ya fidia? Siku huhesabiwa tangu ajali, si tangu mguu ulipopona. Gari likiwa la serikali, ana miezi 12 pekee.

Je, wajua bima ya thadi pati haimlipi mhudumu wa bodaboda akiteleza na kuanguka peke yake? Bima hiyo ni ya wale anaoweza kuwaumiza. Akigongwa na gari, anamshtaki dereva na mwenye gari. Hukumu ikitoka, bima ya gari hilo ndiyo hulipa, mradi kampuni iliarifiwa mapema kwamba kuna kesi. Hulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Kinachozidi hudaiwa mwenye gari mwenyewe. Namba ya gari na stika ya bima zipigwe picha pale pale barabarani.

Je, wajua kukosa helmeti hakufuti madai yako? Sheria ya Trafiki inamtaka mwendeshaji na abiria wake, ambaye ni mmoja tu, wavae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga. Ukikiuka, mahakama inaweza kukugawia lawama. Ukibebeshwa asilimia 30 kwenye fidia ya shilingi 1,000,000, utaondoka na 700,000.

Karatasi ndizo huwaponza wengi. Mahakama za Kenya hazirudishi gharama ambayo haikutajwa kwenye hati ya madai na kuthibitishwa kwa ushahidi. Nauli ya teksi ya kwenda hospitalini, eksirei, magongo, dawa za maumivu: vyote vinataka risiti. Tena zile risiti laini za mashine hufifia maandishi zikikaa mfukoni, kwa hiyo zitolewe nakala mapema. Ongeza namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), abstrakti ya polisi na ripoti ya daktari. Kama una chuma mguuni ambacho kitakuja kutolewa, gharama ya upasuaji huo iombwe katika kesi hiyo hiyo, maana hutapewa nafasi ya kurudi kuidai baadaye.

Je, wajua huhitaji hati ya mshahara kuthibitisha kipato? Mwaka 2005, katika kesi ya Jacob Ayiga Maruja dhidi ya Simeon Obayo, Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja kwamba mapato huthibitishwa kwa nyaraka peke yake. Ilitambua kwamba Wakenya wengi hujipatia riziki bila kuweka kumbukumbu za maandishi. Kwa vijana wa bodaboda, huu ni uamuzi wa kushikilia kwa mikono miwili.

Anayesambaza mizigo akiwa mwajiriwa ana mlango mwingine: Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya 2007. Hapo haulizwi nani alikosea, lakini madai yawasilishwe ndani ya miezi 12.

Je, wajua ni kosa wakili kutuma madalali wodini kumsakia wateja? Na mkataba wa kumlipa wakili pale tu kesi itakaposhinda hautambuliwi na Sheria ya Mawakili. Inauma kuona mtu amelazwa, mguu umening'inizwa, anasainishwa karatasi na mgeni asiyemjua. Jina la wakili lithibitishwe kwanza kwa Chama cha Mawakili cha Kenya. Asiye na uwezo aulizie Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

La mwisho: mtu wa bima akija na hundi pamoja na hati ya kukubali malipo kamili, jua kwamba ukitia sahihi umefunga madai, hata kama mwezi ujao daktari atasema mfupa haujaunga. Mwambie akuachie hati hiyo, wakili wako aisome kabla hujagusa kalamu.